Funga Namba Tatu

Sehemu ya Saba

Jetoni mbili za shaba zilikuwa zinaning'inia msumarini.

Ndivyo tulivyomwacha Godefroid juma lililopita: amesimama mbele ya silo namba tatu, lile ghala refu la mahindi, kinywa wazi, na kaye, daftari la amri, kwapani. Jetoni namba arobaini na moja ilikuwa ya Mukuka. Namba hamsini na sita ilikuwa ya Lucien. Katika kinu kile cha unga, kila aliyeingia ndani ya silo alitundika mlangoni jetoni yake, kibati chenye namba alichokivaa shingoni. Jetoni ikiwapo, mtu yumo ndani.

Na chini ya silo, parafujo lilikuwa limekwisha kuanza kuzunguka.

Parafujo lile ni chuma kirefu kilicholala chini ya mahindi. Likizunguka, huyavuta mahindi yote kuelekea kwenye mashine za kusaga. Mtu aliyesimama juu ya mahindi huvutwa pamoja nayo. Nyayo hutangulia, magoti hufuata. Kinywa huwa cha mwisho.

"Funga!" Godefroid alipiga kelele. "Osée! Funga!"

Ng'ambo ya ua, Osée, fundi wa umeme, alitoa kichwa katika dirisha la kibanda chake. Alikuwa anatabasamu. Alionyesha kidole gumba.

"Imefungwa, papa!"

"Funga, nasema! Funga!"

"Iko imefungwa muzuri! Weye husikie vile inanguruma?"

Godefroid alipunga kaye juu ya kichwa. Neno lake mwenyewe lilikuwa limemgeukia.

Kwa kila mtu wa Lubumbashi, kufunga kuran ni kuzima umeme, kama vile kufunga maji ni kuyazuia maji. Lakini Osée alisomea umeme kwa Kifaransa. Kwa mafundi wa aina yake, njia ya umeme ikifungwa, umeme unapita. Ikifunguliwa, umeme unakatika. Siku kumi na mbili kabla, wakati wa mapumziko, Osée aliwaeleza jambo hilo watu wawili tu, akichora kwa chaki juu ya gunia tupu. Watu hao walikuwa Mukuka na Godefroid.

Mukuka alicheka hadi munkoyo aliokuwa akinywa ukamtoka puani. "Kumbe siku moja tutakuambia funga, na weye utatusaga sisi bote bukari!"

Godefroid naye alicheka. Kisha akalificha neno lile moyoni, kama mtu anavyoficha wembe.

Asubuhi hii aliutoa wembe. Mama Laurentine, mkuu wa kinu, alimwambia kwa kinywa: "Papa Godefroid, umwambie Osée akate kuran ya namba tatu. Mukuka ataingia kuvunja mahindi yenye ilishikamana." Godefroid akaenda kwenye kibanda, akaandika katika kaye: *Funga namba tatu.* Osée akasoma kwa sauti, akatia sahihi, akasukuma swichi kubwa. Hakushangaa hata kidogo. Alikwisha kuambiwa kwamba mahindi ya namba tatu yangesagwa siku hiyohiyo.

Godefroid hakukusudia kuua. Hilo tumkubalie. Alijua kwamba kwa kawaida Mukuka hungoja kaye irudi na sahihi ndipo aingie. Alijua pia kwamba mlango wa chini wa silo ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili ya usafi. Alitaka mahindi yamwagike uani, mbele ya wanawake waliopanga mstari kusubiri unga, na aibu imwangukie Laurentine. Alitaka aibu tu, aibu ya magunia kumi.

Lakini Mukuka hakungoja.

Godefroid angeweza kusema "kata". Angeweza kusema "zima". Mtu aliyelala na neno moja kwa siku kumi na mbili halipati lingine anapolihitaji.

"Fungula!" alilia. "Osée, fungula! Fungula!"

Tabasamu la Osée likatoweka. Mkono wake ukarudi ndani. Parafujo likakoroma mara moja, likanyamaza.

Kisha, katika mstari wa wanawake, sauti moja ikapasuka. Ilikuwa sauti ya Edith, mke wa Godefroid.

"Yesu wangu! Bwana yangu amepotea akili! Bantu biko mu mahindi, yeye anasema fungula?"

Watu wengine walikuwa tayari wanakimbilia silo. Mama Laurentine alikuwa amekwisha kuweka mguu kwenye ngazi. Aligeuza kichwa. Alimtazama Godefroid kwa muda wa kupepesa jicho, kama mtu anayeusoma mstari uleule mara ya pili.

Kisha akapanda.

*

Ndani ya silo, Lucien alikuwa ameshika ngazi ya ukutani kwa mikono miwili. Alikuwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyefufuka.

Mukuka hakuwa ameshika kitu. Mahindi yalimfika kidevuni.

"Mukamate kamba!" alilia mtu juu ya mlango. "Tumuvute!"

"Hapana kuvuta!" Sauti ya Laurentine ilikuwa kavu. "Mahindi inamushika kama mikono mia moja. Mukivuta, mutamukata pa kiuno. Mulete lile pipa lenye halina matako. Na mabao mbili. Lucien, utoke, upumue."

Watu walitii. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Godefroid aliona jinsi walivyotii, na hata katika saa ile, wasomaji, hata katika saa ile, kitu kilimchoma chini ya mbavu. Yeye alipotoa amri, watu waliuliza kwa nini. Laurentine alipotoa amri, watu walikimbia.

Pipa lisilo na matako lilishushwa polepole juu ya kichwa cha Mukuka, likazamishwa kumzunguka. Sasa ilibaki kuyachota mahindi yaliyokuwa ndani ya pipa, konzi kwa konzi, ili kifua kipate nafasi ya kupanuka.

"Mabasani!" Laurentine aliita. "Mama zangu, mutusaidie na mabasani!"

Wanawake walivunja mstari. Mabasani waliyoyaleta kwa ajili ya unga yalipanda ngazi kutoka mkono hadi mkono. Edith alikuwa wa kwanza.

Godefroid aliingia. Hakujua miguu ilimwingizaje. Alilala kifudifudi juu ya ubao, ubavuni mwa Laurentine, akaanza kuchota kwa mikono. Uso wa Mukuka ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye uso wake.

"Papa parrain," Mukuka alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, kwa utani na kwa heshima, kwa kuwa Godefroid alimsimamia binti wa Mukuka katika ubatizo. Pumzi yake ilikuwa fupi. "Nilikosa. Sikungoja sahihi."

"Nyamaza, Mukuka. Usiharibu pumzi."

"Bamama balikuwa banangoja unga tangu asubuhi. Nikasema, aa, mama Laurentine amesema kuran itakatwa. Neno yake inatosha."

Godefroid aliendelea kuchota. Kucha zilianza kutoka damu. Mtu huyu amezikwa hadi kidevuni, na bado anamsifu Laurentine!

"Papa parrain."

"Nimesema unyamaze."

"Nilisikia sauti yako. Ulisema 'fungula'."

Macho ya Mukuka yalikuwa mekundu, yamejaa vumbi la wadudu wa mahindi. Yalimtazama Godefroid bila kupepesa. Godefroid aliona ufahamu ukipanda ndani ya macho yale polepole, kama maji yapandavyo kisimani.

Kisha macho yakafumba. Kichwa kikaegemea ukingo wa pipa.

"Anapumua," alisema Laurentine. "Chota, papa. Chota!"

Walimtoa baada ya muda ambao hakuna aliyeupima. Walimlaza juu ya mkokoteni, wakamsukuma mbio hadi kwenye zahanati ya masista, barabara mbili kutoka kinuni. Alikuwa hai. Hakusema neno.

*

Sasa wafanyakazi walitaka mtu.

Mji ule ulikuwa umejifunza hasira tangu siku za uporaji. Maduka yalikuwa yamebaki milango tu. Wenye magari walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Watu waliobaki walikuwa na njaa, na walikuwa wamechoka kukosa wa kumlaumu. Leo walimpata.

Lucien ndiye aliyemtoa Osée kibandani, akimshika ukosi.

"Huyu! Kumbe alisomea kuua!"

"Muangalie kaye!" Osée alikuwa anatokwa na jasho. "Iko imeandikwa! Funga namba tatu! Na miye nilifunga!"

"Uliwasha!"

"Nilifunga circuit! Circuit fermé, kuran inapita! Njo vile banatufundisha!"

"Hata mutoto wa mutaa ya Bel-Air anajua, funga ni kuzima! Weye na masomo yako hujue?"

"Tumupeleke kwa basoda!" sauti ya nyuma ilipendekeza. "Pa barrière. Beye banajua kufundisha."

Kila mtu alijua kwamba, miezi ile, aliyepelekwa kwa askari wa kizuizini hakuulizwa maswali, wala hakurudi kuyajibu. Hata hivyo, vichwa vikaanza kutikisika kukubali.

Osée alimtafuta Godefroid kwa macho. "Papa Godefroid! Weye unajua! Ubaambie! Nilikuelezaka, weye na Mukuka, ile siku ya munkoyo!"

Nyuso zote zikamgeukia.

Jibu la kweli lilikuwa neno moja: ndiyo. Godefroid alilihisi mdomoni, zito kama jiwe.

"Ulituelezaka mambo mingi, mwana wangu," alisema. "Kifaransa yako ni ya juu. Miye ni muntu ya mashine. Siikumbuke."

Watu waliguna. Lucien alianza kumvuta kuelekea langoni.

"Mumuache!"

Laurentine alikuwa amesimama juu ya mzani wa magunia. Alikuwa mwanamke mfupi, na mzani ulimpa kimo. Kofia ngumu nyeupe ya mkurugenzi, kaske kama walivyoiita, ilikuwa kichwani mwake, kubwa kuliko kichwa. Ndani alikuwa ameijaza kipande cha kitambaa ili isimwangukie machoni.

Tukumbushane kofia ile ilifikaje pale. Mwaka uliotangulia, mkurugenzi alimtaka Laurentine, mpimaji wa nafaka, aupitishe mzigo wa mahindi yenye ukungu. Alikataa. Aliadhibiwa kukaa nyumbani majuma matatu, na hakuibadili kauli yake. Miji ilipoanza kuungua, mkurugenzi alikimbia, akaacha kofia yake juu ya kiti. Wafanyakazi wakakutana uani wamchague wa kukishika kinu. Godefroid, msimamizi wa miaka ishirini na miwili, mwana wa mtu wa reli, alikuwa amekwisha kufunga kifungo cha juu cha shati.

Mikono iliyonyooshwa kwa ajili yake ilikuwa tisa.

Mingine yote ilinyooshwa kwa mpimaji wa nafaka. Hata mkono wa Mukuka. Na jioni ile Edith, akisonga bukari, alisema bila kugeuka: "Balichagua muzuri." Tangu siku ile, chakula cha nyumbani kilikuwa na ladha ya jina la mwanamke mwingine. Mama Laurentine alisema hivi. Mama Laurentine alifanya vile.

"Munisikilize," Laurentine alisema sasa. "Kosa ya kwanza iko yangu."

"Hapana, mama!" watu walipinga.

"Iko yangu. Nani aliweka sheria ya kaye? Miye. Sheria inasema nini? Mwenye kutoa amri aandike yeye mwenyewe, na mukono yake. Leo nilikuwa na haraka. Nilitoa amri na kinywa, nikamutuma muntu mwingine aandike. Ningeandika miye, ningeandika 'kata'. Mukuka hangezama."

Alishuka kwenye mzani. Alivua jetoni yake shingoni, namba tisa, akatembea hadi silo namba tatu na kuitundika kwenye msumari uleule.

"Miye niko ndani," alisema. "Mupaka muntu anitoshe inje."

Lucien, aliyekuwa karibu kufa asubuhi hiyo, aliachia ukosi wa Osée na kujifuta macho. Edith alitoka katika kundi la wanawake. Aliifungua liputa yake ya juu, kile kitenge cha kiunoni, akampangusa Laurentine vumbi usoni, taratibu, kama dada.

Godefroid aliitambua liputa ile. Aliinunua yeye, kwa sikukuu ya Pasaka.

Jamani, ni nini cha kumfanyia mwanamke huyu? Alipofanya mema, alipendwa. Sasa ametaja kosa lake mbele ya watu wote, na amependwa zaidi! Hata kosa lake lilimwongezea kimo. Godefroid alitafuta katika miaka yake ishirini na miwili siku moja aliyosema "nimekosa" mbele ya watu. Hakuipata.

"Muntu mwenye iko ndani ya kesi haandikake ripoti," Laurentine aliendelea. "Kwa hiyo ripoti ataandika muntu mwenye kukaa hapa siku mingi kuliko sisi bote. Osée atakaa mu depo ya magunia. Hapana muntu kumugusa. Mbele ya king'ora ya kutoka kazini kulia, ripoti itasema jina. Mutakubali?"

"Tutakubali!" Lucien alijibu kwa niaba ya wote. "Lakini ikisema Osée, king'ora ikilia tunamupeleka pa barrière."

"Ikisema Osée, nitatembea na ye pamoja mupaka pale," alisema Laurentine.

Kisha alivua kofia nyeupe. Akakitoa kitambaa kilichokuwa ndani yake. Akamwekea Godefroid kofia mikononi, awe mkuu mpaka ripoti itoke.

*

Ilimkaa sawasawa.

Godefroid alijitazama katika kioo cha dirisha la ofisi. Kofia ilinuka mafuta ya nywele ya mkurugenzi. Mara ngapi aliiota? Sasa ilikuwa kichwani, mchana, mbele ya watu, bila kuiba. Ajabu ni kwamba shingo ilimuuma.

Mlango ulifunguka. Laurentine aliingia, akaweka kaye mezani, mahali penye amri ya asubuhi. Neno *Funga* lilikuwa limezungushiwa duara kwa kalamu ya risasi.

"Ripoti ni yako, papa. Sitaigusa. Nilikuwa na swali moja tu."

"Uliza, mama."

"Kwanza uliita 'funga'. Kisha uliita 'fungula'. Kwa nini?"

"Ni woga." Godefroid alicheka kidogo. "Mama, unajua, ulimi hauna mufupa."

"Kweli. Njo maana unaendaka kwenye roho inautuma."

Alitoka. Hakuubamiza mlango. Godefroid angependa aubamize.

Alichukua karatasi. Aliandika vizuri, kwa hati ya kanisani. *Mkosaji ni*. Kalamu ikasimama. Jina la Osée lina herufi nne tu. Nani angemlaumu? Kila mfitini hupenda jina fupi. Aliandika herufi ya kwanza, O, ya mviringo, safi.

Edith aliingia bila kubisha.

"Mukuka ameamuka!"

Kalamu ilianguka.

"Anaongea?"

"Kiloko tu, neno mbili tatu. Bamasista bamemufunga macho na bandage, sababu ya vumbi. Anasema iko na neno, lakini atalisema kwa kaske nyeupe tu. Hapana kwa muntu mwingine. Masikini, hajue kama mama Laurentine alikutolea kaske. Nimwite mama Laurentine?"

Godefroid alisimama.

"Kaske nyeupe iko pa kichwa ya nani, Edith?"

Mke alimtazama. "Pa kichwa yako."

"Basi, kwa nini unatafuta mama Laurentine? Kila siku mama Laurentine! Hata leo?"

Edith alikunja liputa yake yenye vumbi, akaikunja tena.

"Papa Gode," alisema polepole. "Ile siku mulikunywa munkoyo na Osée, ulirudi nyumbani unacheka peke yako. Nilikuuliza unachekea nini. Unakumbuka jibu?"

"Sikumbuke."

"Ulisema: neno moja."

Godefroid alimpita mlangoni bila kumgusa.

*

Zahanati ilikuwa tulivu. Sista mmoja alimwonyesha kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, akarudi kwenye kazi zake.

Mukuka alilala chali. Bandeji ilifunika macho yote mawili. Kifua kilipanda na kushuka kwa shida, na kwenye shingo kulikuwa na alama ya mviringo, mahali ambapo jetoni ilikuwa ikilala kila siku.

Godefroid alivuta kiti. Kiti kililia.

"Nani?" Mukuka aliuliza. "Ni kaske nyeupe?"

Godefroid hakuthubutu kutumia sauti yake. Alichukua mkono wa Mukuka, akauinua, akauweka juu ya kofia.

Mukuka alitabasamu. Vidole vyake vilizunguka juu ya plastiki ile laini.

"Aksanti kukuya, mama. Nisikilize kwanza, mbele nilale tena. Osée hana kosa. Ile siku alitufundisha: kwake, funga ni kuwasha. Tulikuwa batatu tu. Osée, miye, na papa Godefroid."

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka kinuni zilisikika sauti za watu wakijikusanya.

"Papa Godefroid anajua, mama. Alijua wakati aliandika. Leo aliita fungula, na hapana muntu anaita vile kama hajue." Alikohoa, akangoja maumivu yapite. "Lakini ni yeye njo alishika mutoto yangu pa ubatizo. Na leo nilimuona karibu yangu, anachota na mikono, kucha zake zinatoka damu. Muntu mwenye kutaka kuniua hangechota vile. Ni wivu, mama. Wivu ilimupotosha njia. Unamujua. Anakuonea wivu mupaka anakonda."

Godefroid aliuma midomo.

"Nikisema, bantu batamupeleka yeye pa barrière. Nikinyamaza, batamupeleka Osée. Miye sina akili ya kuchagua. Njo maana nilikuita. Weye ukisema kitu, neno yako inatosha." Mkono wake ulikuwa bado juu ya kofia. "Sema tu, mama. Kinywa yangu, nifunge ao nifungule?"

Wasomaji, Godefroid aliisikia sentensi ile kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kaburini. *Neno yako inatosha.* Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametamani kuambiwa maneno hayo. Hayo ndiyo aliyomwonea mwanamke yule wivu. Kiti, kofia na ofisi vilikuwa si kitu. Alitamani maneno hayo matatu tu. Leo ameyapata, na hayakuwa yake.

Angeweza kunong'ona. Mnong'ono hauna mwenyewe. Angesema "funga", na Mukuka angefunga kinywa hadi siku ya kufa kwake, kwa sababu aliamini. Herufi O ilikuwa inangoja mezani.

Hakusema.

"Mama?"

Vidole vya Mukuka vilihama. Viliingia chini ya ukingo wa kofia, vikitafuta kile kitambaa ambacho kila mtu kinuni alikifahamu na kukitania. Havikukikuta. Vilishuka kwenye paji la uso lililolowa jasho. Vilishuka kwenye pua. Vikafika juu ya mdomo, vikakutana na masharubu.

Vilisimama hapo.

Huko kinuni, king'ora cha kutoka kazini kilianza kulia, kirefu, kikipanda.

Mukuka hakuutoa mkono. Kifua chake kilipanda mara moja, kikashuka. Alipozungumza tena, hapakuwa na tabasamu, wala hapakuwa na hasira.

"Papa parrain," alisema. "Basi ujibu weye. Nifunge ao nifungule?"